Dirisha la Kaku Juu ya Kamioneti

Kamioneti yetu ilinuka mkate. Mwokaji wa Kigiriki aliyekuwa akifunga duka lake mjini Likasi alimwachia baba gari hilo, na mama akatoa cherehani yake ya miguu kwa kubadilishana. Tulilisugua kwa majivu na ndimu, tukaliacha wazi juani siku nzima, na bado ukiingia tu mate yalijaa kinywani. Nilikuwa na miaka tisa, na kwa wiki nzima nilijigamba kwa wenzangu kwamba sasa sisi ni watu wa mikate.

Ukweli ulikuwa mwingine. Ulikuwa mwaka wa pili tangu Katanga ijitenge na Kongo, na sisi wenye asili ya Kasai, hata watoto tuliozaliwa Likasi na kuisikia Kasai kwenye hadithi tu, tulianza kuambiwa turudi kwetu. Majirani wengi walikwisha kuondoka kwa treni, wamejazana ndani ya mabehewa ya mizigo. Kaku, ndivyo tulivyomwita nyanya, mama yake mama, alikuwa na pumu. Chumba chenye watu watano tu kilitosha kumkohoza mpaka midomo ibadilike rangi, na behewa lile lingemmaliza kabla ya nusu ya safari. Baba alipendekeza abaki kwanza kwa marafiki, tuje kumchukua mambo yakitulia. Mama alikuwa akichambua mboga, wala hakuinua macho. “Baba Kapinga,” alisema, akimwita kwa jina langu, “miye siendi pasipo mama. Na mama haendi pasipo mupepo.” Mpaka leo sijasikia uamuzi mkubwa kiasi kile ukitolewa kwa sauti ndogo kiasi kile.

Ndivyo huo mupepo, yaani hewa, ulivyotufikisha kwenye suala la dirisha. Madirisha ya ubavuni baba alikwisha kuyaziba kwa mabati, kwa kuwa njiani kulikuwa na vizuizi na vijana wenye mawe, na tungelala humo humo garini bila kumbishia mtu hodi. Ilibaki hewa ipitie juu. Baba, aliyekuwa mfanyakazi wa tanuri la shaba kiwandani Shituru, alileta vitu viwili vya kuchagua. Kimoja kilikuwa kifuniko cha chuma chenye bawaba, kilichofunguka vizuri lakini kikifungwa huuoni hata mkono wako. Kingine kilikuwa kioo kinene chenye waya ndani, kutoka banda lililobomolewa, kilichopitisha mwanga lakini hakikuwa na namna ya kufunguka. Baba alitaka chuma, mama alitaka kioo, na Kaku akasema atachagua mwenyewe maana pumzi ni zake. Aliingia garini saa sita mchana, akalala chali kwenye godoro, akaamuru mlango ufungwe. Haukupita muda akagonga bati kwa fimbo. Alitoka akitiririka jasho, akakaa kitako mpaka pumzi zimrudie. Kwa desturi yetu mkwe na mama mkwe hawasemezani ana kwa ana wala hawatazamani, kwa hiyo, ingawa baba alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka pale, Kaku aliniita mimi. “Kapinga, ambia baba yako, iko ananipika sawa bukari. Kile kioo, akifanye kifunguke.” Niligeuka nikamwambia baba kwamba Kaku anapikwa kama ugali na kioo kifunguke, naye akanijibu kwamba amesikia.

Basi baba akaanza kazi. Alikata paa kwa msumeno wa chuma, na vumbi lake likatua kwenye nywele zake mpaka akaonekana mzee. Bawaba aliziweka upande wa mbele wa gari na kioo kikawa kinafunguka kwa nyuma, ili upepo wa mwendo usikinyakue. Fremu aliitengeneza kwa shaba tupu, akaikaza moja kwa moja juu ya bati la paa kwa ribiti za shaba. Katika mji wetu shaba ilikuwa jibu la kila swali. Baba alikuwa ameishika miaka kumi na sita, hajawahi kuiona ikipata kutu, na aliiamini kuliko alivyowaamini mapadri. Alipomaliza aliisugua ikang'aa, na Kaku akalala chini yake mchana kutwa bila kukohoa hata mara moja. Mimi nilidhani kesho yake tutaondoka.

Hatukuondoka. Baba alisubiri karatasi ya ruhusa ya njia, karatasi haikuja, zikaja mvua. Mvua za kwetu hazina utani, na zile zilipita kwenye moshi wa viwanda kabla ya kutufikia. Kufikia mwezi wa tatu, maji ya rangi ya chai yalianza kudondoka kwenye godoro la Kaku. Baba alipanda juu, akabonyeza paa kando ya fremu, na kidole kikazama. Shaba ilikuwa nzima, safi kama siku ya kwanza, ila bati lililoizunguka lilikuwa limeoza. Alimwita rafiki yake Baba Mwansa, mwenyeji wa Katanga na fundi wa karakana ya reli, ambaye alikuja mchana kweupe na ngazi begani, ingawa watu walikwisha kuanza kuhesabu nani anaingia kwetu. Alitazama mara moja tu. “Shaba na chuma, bikikutana mu mayi, shaba iko inakula chuma,” alisema. “Mwenzangu, ulitega mutego juu ya kichwa cha mama mukwe.”

Baba alikaa juu ya paa lile kwa muda mrefu. Nilimwonea huruma, na nilikasirika pia, kwa sababu karatasi ilikuwa imefika juma lile lile. Aliposhuka hakuniita nipeleke ujumbe. Alikwenda kwenye mlango wa jiko, akampa Kaku mgongo kama heshima inavyotaka, akasema mwenyewe, “Mama, nilikosea. Nitakata tena.” Kisha Kaku akamjibu, naye mwenyewe, “Kata tu. Pumuzi ingaliko.”

Walikata tundu kubwa zaidi mpaka wakafikia bati zima, wakapigilia ukanda wa chuma kuzunguka. Kati ya chuma na shaba waliweka mpira wa ndani wa gurudumu, ili vitu hivyo viwili visigusane popote. Mpira aliukata mama kwa mkasi wake wa nguo, bila kupinda hata kidogo. Tulimwaga ndoo saba za maji juu ya paa huku Kaku amelala ndani, maana alikataa kutoka. Alitoka mkavu.

Tuliondoka alfajiri. Baba na Baba Mwansa, aliyekuja kutusemea vizuizini kwa kuwa yeye ni mwenyeji, walikaa mbele. Mama, Kaku na mimi tulifungiwa nyuma. Nilitaka kuuona mtaa wetu, shule, dohani la Shituru. Niliona kipande cha mbingu tu, ambacho kingeweza kuwa cha mji wowote. Nililia kwa hasira nikayapiga yale mabati kwa ngumi. Kaku alinishika mkono na kuuweka kifuani pake, nikausikia unapanda na kushuka. Mara mbili mawe yaligonga ubavuni. Siku ya sita tulifika Kasai, na Kaku akashuka kwa miguu yake.

Aliishi miaka minne zaidi. Mimi sasa ni kaku wa watu, hapa Mbuji-Mayi. Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu gari la kulala safarini, lenye paa la kioo linalofunguka kwa kitufe. Nilimuuliza ni la nini. La kutazamia nyota, akasema. Nilifurahi kwamba kuna mtu wa ukoo wetu anayewaza nyota. Kwa miaka mingi nilimlaumu baba kwa yale madirisha aliyoyaziba, kwa kuwa sikuuaga mji nilikozaliwa. Sasa pumu imenifikia mimi, na usiku ikinibana ninaketi mlangoni nikiitafuta hewa. Wangenirudisha leo ndani ya kamioneti ile na kuniambia nichague kati ya kuuaga mji na pumzi za Kaku, ningesema madirisha yazibwe.