Kifo cha Mjafari wa Zahanati

Kwa mujibu wa barua ya daktari mkuu, iliyogongwa mhuri na kubandikwa mlangoni, mjafari pekee wa zahanati yetu "umekufa kutokana na uzembe wa mtunza bustani." Mtunza bustani ni mimi. Barua ina kosa moja tu, na si hilo la uzembe.

Mjafari si mti wa kujivunia: mfupi, shina limejaa vinundu vya miiba kama shingo yenye majipu. Tatizo ni gamba. Ukilitafuna, ulimi unakufa ganzi na kikohozi kinalegea, kwa hiyo wagonjwa waliochoka foleni walitoka nje na visu. Likichunwa kuzunguka shina lote, mti umekwisha. Nikaagizwa kutundika kibao: MJAFARI, MTI WA DAWA, USICHUNWE. Hata wasioujua wakaujua.

Hapo nikashikwa na akili, jambo linalonipata mara moja kwa mwaka. Nilikihamishia kibao kwenye mti wa kivuli karibu na choo, usiotibu hata kiu. Watu tunasoma kibao, hatusomi mti. Daktari mkuu mpya alipofika, naye alikisoma akaridhika.

Wiki ya pili dada wa mke wangu akanivamia nikipalilia.

"Shemeji, Mungu akuzidishie! Lile gamba la pale chooni limenimalizia kikohozi."

"Lile?"

"Chungu hilo! Ndiyo dawa yenyewe. Nimewapelekea na majirani."

"Shemeji, punguzeni kidogo..."

"Acha uchoyo! Kwani uliachiwa na baba yako?"

Nikaendelea kupalilia, kitaalamu. Mwezi haukuisha, mti wa kivuli ukabaki uchi, kisha ukakauka.

Daktari mkuu akanisimamisha uwanjani mbele ya wauguzi na foleni nzima. "Mzee, ulipewa mti mmoja uulinde. Mmoja tu!" Bustani akampa mfagiaji, mimi nikapewa ufagio wake. Ningeweza kujisafisha kwa kunyoosha kidole tu kuelekea kwenye vile vinundu. Lakini foleni yote ilikuwa inatazama, shemeji akiwa wa tatu kutoka mbele, na mfuko mtupu mkononi.

"Samahani, daktari," nikasema. "Nilizembea."

Nyumbani, mke wangu sasa ananiita Marehemu Mjafari.

Wiki hii, chini ya mti mfupi usio na kibao, nimefagia maua.