Mkono wa Mama wa Kibugu

Miaka ya tisini nilikuwa muuguzi mpya katika hospitali moja kule Embu. Wodi yetu ya wanawake ilikuwa na madirisha marefu, na jua la asubuhi lilifika mpaka kitanda cha mwisho. Asubuhi zile nazitamani hadi leo. Mama mmoja mchuma chai kutoka Kibugu alinisalimu kabla ya wengine wote: "Sista, umekunywa chai ama umetukimbilia tu?"

Alikuwa na virusi vya UKIMWI. Siku hizo neno hilo hatukulitaja kwa sauti, na wageni wengine walisimama mbali na kitanda chake. Yeye hakujificha. Nimonia iliyomleta ilikuwa imepoa, na dadake alikuwa ameshamletea nguo za kurudi nazo nyumbani.

Siku ya tano alininyooshea mkono wenye dripu. "Sista, hapa panawaka."

Niliona wekundu pale sindano ilipoingilia. Nikasita. Mishipa yake ilikuwa imejificha, na siku ile ya kwanza nilihangaika sana kuupata mmoja.

"Vumilia kidogo mama, dozi imebaki moja tu."

"Kama ni moja, sawa."

Mchana kitanda kilianza kutikisika kwa jinsi alivyotetemeka. Meno yaligongana, mwili ukawa moto kama jiko. Mkuu wa wodi alikuja mbio, akaichomoa ile sindano, usaha ukafuata.

"Nani alikuwa ameona hii?"

"Ni mimi, sista."

Hakunikaripia. Alinivuta kando, akasema polepole, "Viini vimeingia kwenye damu, na mwili wake hauna nguvu ya kupigana navyo. Mlango tumevifungulia sisi wenyewe."

Daktari alimbadilishia dawa. Zamu yangu ikaisha nikabaki, nikimfuta uso kwa kitambaa cha maji. Siku tatu hakunitambua. Ya nne homa ikashuka, akafungua macho akaomba nduma.

Nilingoja amalize kula. "Mama, mkono ule ilinipasa kuutoa dripu asubuhi ile. Nisamehe."

"Nilikuona ukisita," akasema. "Lakini wewe ulikuwa unanishika bila kuogopa. Sasa, mwingine akikuambia panauma, msikize."

Alirudi kwao, akaishi karibu miaka miwili, mpaka ugonjwa wenyewe ukamshinda. Dawa za kuupunguzia makali zilikuwa bado hazijatufikia watu wa kawaida. Dadake alikuja kuniarifu, tukaketi kwenye ngazi za wodi. Akaniambia kwamba mama yule alikuwa amerudi kuchuma, na kwamba kila siku ya kupima majani aligombana na karani wa mizani, akimwambia aondoe kidole kwenye mizani, asimwibie kilo. Tulicheka sana sisi wawili, watu wakigeuka kututazama, kisha tukalia.