Saini Mbili za Paa la Baraza

Hapa Arizona, na jua hili, huwezi kujenga hata paa dogo la kivuli barazani kwako bila kibali cha chama cha wakazi, na chama hakikusikilizi mpaka majirani wa pande zote mbili watie saini. Ndiyo maana asubuhi ile mume wangu Wendell alisimama mlangoni jasho likimtoka, kashika fomu na pai ya pichi.

"Marlys anajua ni mimi niliyemshtaki kwa chama, lile pipa lake la taka kukaa nje," alisema akitazama nyumba ya jirani.

"Nilikukataza, hukusikia. Haya, nenda ukajikombe!"

Nilichungulia kwenye dirisha lililo wazi, nimetega sikio, roho mkononi. Marlys alifungua, akapokea pai, akatia saini papo hapo. Wendell, mjinga wangu, akashindwa kunyamaza.

"Jirani, nisamehe kwa lile pipa."

Marlys akaangua kicheko. "Wee Wendell, tulishalipana zamani! Unadhani nani aliwashtaki nyinyi nyasi zenu zilipokauka?"

Kwa mashtaka yale ya nyasi tulimlaumu Octavio, jirani wa upande wa pili. Tangu siku ile hatujamwitikia salamu, na Krismasi iliyopita mimi mwenyewe nilimrudishia sahani ya tamale, vile vyakula vya Kimeksiko vya unga wa mahindi, alizotuletea, bila hata kuifunua.

Wendell alirudi uso umemshuka kuliko alivyoondoka. Akaninyooshea fomu.

"Kwa Octavio unakwenda wewe," akasema. "Na pai nyingine hatuna."