Muhuri Nyuma ya Fremu

Fundi Fremu, kama mtaa ulivyomwita, hakuwa mwanamke wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Picha yoyote aliitengenezea fremu, lakini muhuri wake aliupiga nyuma ya ile tu aliyoiamini. Wateja walijua maana yake.

Sasa mdogo wake wa kiume, bingwa wa kutia chumvi katika ukoo mzima, alimletea picha sita alizopiga mwenyewe kwa kamera. Hazikuwa na mtu wala mti. Bluu iliyopasuka, weupe wenye mapovu, mistari myeusi myembamba.

"Barafu ya mlimani, dada. Wenye ukumbi wa maonyesho hawazitundiki bila muhuri wako."

"Mlima wenyewe uko wapi?"

"Nilisogea karibu mno."

Fundi Fremu akaguna. Alizigeuza picha juu chini, asione tofauti. Jana tu alikuwa kwa mama yao, akakuta friza imekwanguliwa hadi inang'aa, friza ambayo barafu yake haikuguswa tangu baba yao afariki. Akajumlisha moja na moja. Tena kijana alikuwa ameingia na viatu, hapa ambapo hata fundi bomba huvua mlangoni. Mtu asiyevua viatu, alijiambia, yuko tayari kukimbia.

"Hii ni barafu ya friza ya mama," alisema. "Sipigi muhuri. Maonyesho katafute kwingine."

Alitarajia kelele, maana mdogo wake hakuwahi kushindwa maneno. Badala yake kijana akakaa kwenye kigoda, akavua kiatu cha kushoto, kisha soksi. Vidole viwili havikuwepo.

"Viliganda kule mlimani nikisubiri jua lifike kwenye ule ufa, ikabidi vikatwe," alisema, akionyesha picha ya tatu. "Friza ni kweli niliikwangua mimi. Mama hawezi kuinama tena. Na huu mguu hajauona, usimwambie."

"Mbona hukuniambia mimi?"

"Ungeamini, dada?"

Aibu ilimpanda Fundi Fremu mpaka masikioni. Akachukua muhuri akaupiga mara sita. Ule wa tatu ulikaa upande kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye ule mguu. Kisha akapiga magoti, akaiokota soksi, akamvisha polepole, kama alivyomvisha zamani wakichelewa shule.

"Viatu vaa tu," alisema bila kuinua uso. "Sakafu ina baridi."