Nilivyosema "Sisi" Kithyoko

Shirika moja la kigeni lilitafuta mkalimani wa Kikamba, nami nikakubali upesi. Nyumbani Syokimau nilikuwa nikiwahubiria wanangu kwamba enzi ya nchi moja kuitawala dunia imekwisha, sasa kila taifa litajichagulia marafiki. Nilitaka kuyaona hayo kwa macho.

Asubuhi tulipita Machakos mjini, tukashika njia ya Masinga, ardhi ikizidi kukauka. Erik, mgeni niliyefuatana naye, alikuwa mpole. Aliniuliza majina ya miti.

Kithyoko tulipokewa na kikundi cha maji cha akina mama. Mwenyekiti wao, Mama Kalondu, alitupeleka kwanza Mto Tana, akatuonyesha mahali mamba alipomkamata mguu binti mmoja akichota maji. Binti alipona, ila anachechemea. Ndiyo maana waliomba pampu.

Baada ya chai tuliketi kanisani. Erik akasema pampu iko tayari, ila wakatae tangi waliloahidiwa na Wachina wanaojenga barabara. Nikatafsiri kama nilivyozoea, kwa nafsi yake: "Mkilichukua lile tangi, sisi hatutaleta pampu."

Mama Kalondu aliniangalia mimi, si Erik.

"Mwana wakwa, mwanangu, sisi ni akina nani?"

"Ni... shirika, mama."

"Mimi nilidhani wewe ni mtoto wetu. Hiyo Kikamba yako ni ya hapa."

"Mwambie tunataka pampu, na tangi pia tunataka. Lakini mgeni hawezi kutuchagulia mgeni mwingine. Hii boma iko na wenyewe."

Nilitafsiri. Erik akawa mwekundu. Akasema wakubwa wake hawatakubali. Akina mama wakanong'onezana, kisha wakapiga kura. Wa kwanza kuinua mkono kukataa sharti lile alikuwa mama wa yule binti.

Tulipoaga, Mama Kalondu alinipa mfuko wa ndengu. "Upikie watoto." Afadhali angenitukana. Nilipokea kwa mikono miwili, macho chini.

Jioni, tukiwa tumekwama nyuma ya malori pale Mlolongo, Erik aliniuliza kama niliwaeleza kuwa sharti si lake. Na lile "sisi" nililolitamka mimi lilikuwa la nani?

Nilidhani uhuru wa nchi ni jambo la marais na mikutano yao. Kumbe swali lake huulizwa hata kwenye benchi la kanisa, na kujibu kuna gharama. Akina mama wa Kithyoko walijibu, na kesho yake alfajiri, nilivyokuja kusikia, walishuka tena mtoni, mmoja akipiga maji kwa fimbo kumfukuza mamba, wengine wakichota. Mimi, siku ile kanisani, nilikuwa nimeketi upande wa mgeni, nikiongea Kikamba safi.