Mfuko wa Chini ya Siti ya Nyuma

Siku fundi alipokuja kufunga televisheni ndani ya gari, mimi ndiye niliyemshikia tochi. Hilo bado linanichoma. Nilisimama uani kwa madam, pale Riyadh, nikimmulikia Mpakistani wa watu apitishe nyaya zake chini ya zulia na kufunga skrini mbili migongoni mwa siti za mbele. Kumbe alikuwa ananifungia njia ya Jidda.

Kila likizo ya shule familia ile ilikwenda Jidda kwa gari, kutwa nzima barabarani, na siti ya nyuma kabisa ilikuwa yangu. Kazi yangu humo ilikuwa watoto, wavulana wawili na binti mdogo niliyemlea tangu akiwa wa kubebwa. Lakini nami nilikuwa na langu Jidda. Mdogo wangu wa tumbo moja alikuwa kadama huko, akifanya kazi za ndani kama mimi, na likizo hizo ndizo pekee zilizotukutanisha, alasiri moja kando ya bahari, madam wake akiamka vizuri. Mwaka ule mama yetu alifariki. Alizikwa sisi tukiwa huku, kila mmoja akamlilia peke yake jikoni kwa watu. Sasa mkataba wa mdogo wangu ulikuwa umekwisha na tiketi ya kurudi Kenya kabisa imeshakatwa. Nilitaka tumlilie mama pamoja kabla hajaondoka, basi. Madam alijua. Aliniahidi kwa kinywa chake.

Skrini zilipowaka watoto walishangilia. Madam akapiga makofi, kisha akanigeukia.

"Sasa watoto watatulia wenyewe. Wewe safari hii mafi Jidda, huendi. Utabaki hapa Riyadh, mtaa wa Murabba kwa mama yangu, nyumba yake inataka kuoshwa yote."

"Lakini madam, mdogo wangu anaondoka. Uliniahidi."

"Mwaka ujao, inshallah."

"Mwaka ujao hatakuwepo. Halafu madam, hawa watoto wakiangalia TV gari likienda..."

"Halas! Mafi kalam." Maneno yamekwisha. Fundi alikuwa anatafuta mahali pa kuweka kisanduku cha mitambo, na chini ya siti yangu palikuwa na mfuko. Madam akauonyesha kwa kidole. "Toa takataka zako humo."

Takataka zangu zilikuwa mfuko mmoja wa zipu wenye malimau, karatasi za plastiki, tishu, maji na nguo za watoto za kubadilisha. Watoto wale walikuwa wakitapika safarini. Mara ya kwanza kutapika, baba yao, ambaye gari lile alilipenda kupita kiasi, alisimama kando ya barabara akafoka mpaka madam akalia. Tangu hapo madam akanionya kwamba jambo hilo lisifike tena puani kwa baba. Na halikufika. Niliwafanya waangalie nje njia nzima: nani ataona ngamia kwanza, nani ataona lori la kondoo. Aliyebadilika rangi nilimpa limau anuse. Tukishindwa, karatasi ilidaka, nikaifunga fundo na kuitupa kwenye kituo cha petroli. Madam huko mbele alikuwa amelala. Miaka ikapita akaamini wanawe wamekua na wameacha, na alijigamba hivyo kwa dada zake.

Ningeweza kurudia kumwambia, taratibu, jikoni, siku nyingine. Nafasi ilikuwepo. Lakini alitaka mafi kalam, nami nikampa mafi kalam. Niliubeba mfuko wangu nikatoka nao. Binti alikuwa ameketi siti ya katikati, anabonyeza rimoti. Akainua macho, akaniangalia nikipita nao, akarudi kwenye katuni zake.

Waliondoka asubuhi, wakanishusha Murabba. Madam alinipungia mkono kwa madaha, hedifoni za watoto zimeshavaliwa. Nilirudi ndani kwa bibi yao nikashika ufagio, na sitadanganya, nilifagia nikisubiri simu. Kila nilipoiangalia na kuiona kimya niliingiwa na hofu kwamba pengine kweli wameacha kutapika.

Haikufika adhuhuri, simu ikalia. Alikuwa baba watoto, kwenye kituo cha petroli, anahema.

"Watoto wote wanatapika! Gari zima, siti, zulia! Wewe huwa unawafanyia nini?"

"Sijui, baba. Madam alisema TV itawatunza."

Nyuma yake nilimsikia madam akikatwa maneno, na roho yangu ikasuuzika. Ndiyo, ilisuuzika. Alikitia kitumbua changu mchanga, naye acha akione cha mtema kuni. Kisha simu ikachukuliwa na mkono mwingine, nikasikia pumzi ndogo ya mtu aliyelia sana.

"Anti, mfuko wetu uko wapi?" Binti aliniuliza kwa Kiswahili nilichomfundisha.

Mfuko ulikuwa hapo hapo, kwenye msumari nyuma ya mlango.

"Mama yako aliutoa," nikasema.

Halafu akamrudishia baba yake simu.

Waligeuza gari. Nililiosha mimi, nani mwingine? Nilisugua zulia na kila mshono wa siti huku nikiimba, na madam aliposimama mlangoni macho mekundu niliongeza sauti. Baba akatoa amri mbele yake: kesho tunaondoka tena, na kadama anakaa nyuma na watoto. Skrini zisiwashwe. Ningejua kucheza ngoma ningecheza uani pale. Kwa madam sijutii hata leo, na angerudia, ningerudia.

Kesho yake nilipofika garini na mfuko wangu, binti alinyoosha mikono. Nikadhani anataka nimbebe. Alichukua mfuko, akaupakata, akaukumbatia kwa mikono yote miwili.

"Lete anti akushikie, utachoka."

Akatikisa kichwa.

Ngamia walipita, hakutaja hata mmoja. Kaka zake walipotaka limau, walimwomba yeye. Skrini zilining'inia mbele yetu, nyeusi, na ndani yake nilijiona mimi na yeye tumekaa bega kwa bega, amegeukia dirishani.

Mdogo wangu nilimkuta. Madam alininyima sauti yake lakini hakuthubutu kuninyima alasiri ile. Tulikaa ukutani kando ya bahari, watoto wakicheza karibu, tukashikana, tukamtaja mama kwa jina, tukalia mpaka watu wakatupisha. Nililipata nililolitaka, lote.

Tulipoinua vichwa binti alikuwa amesimama mbele yetu na mfuko kifuani, anatuangalia. Uso wangu ulikuwa umelowa, kamasi zinatiririka. Nikanyoosha mkono.

"Mpe anti tishu, mama."

Alifungua zipu, akachomoa tishu moja, akampa mdogo wangu. Kisha akafunga zipu.