Hatua Moja ya Minyaa

Mwezi uliopita nilirudi Igamba, kwa sababu wapimaji walikuwa wanapima mashamba. Walitaka kuoneshwa mpaka wetu na jirani. Nilisimama mbele ya mstari wa minyaa, nikasikia tena harufu ya kahawa mbivu, kama siku zile za msimu.

Nilikuwa binti wa miaka tisa, nikiishi na bibi. Jirani yetu, mwanamke wa rika lake, ndiye aliyekuwa na mashine ya kumenyea kahawa, na sote tuliitumia. Mwaka mmoja, wakati wa palizi, bibi aling'oa minyaa ya mpaka, akaisogeza hatua moja ndani ya shamba la jirani, akapata mstari mzima wa mibuni. Jirani alifunga tu mlango wa banda la mashine. Msimu ule tulimenya kahawa kwa vidole, hadi kucha zikawa nyeusi.

Siku za Meza ya Bwana kanisani, bibi alibaki kwenye benchi, mkate na kikombe vikimpita. Alipenda sana meza ile. Mchungaji alipokuja kumuuliza, bibi alimweleza yote, naye hakumkaripia. Alimwambia kwamba Mungu ameshatupatanisha naye kwa Kristo, mlango uko wazi. Sasa aanze na jirani.

Kesho yake asubuhi bibi alichukua jembe, akaniamuru nisiguse macho kwa sababu ya utomvu, tukang'oa minyaa yote. Jirani alitoka, akasimama na kanga yake kiunoni.

"Dada yangu, nilikuibia hatua moja," bibi alisema. "Naomba unisamehe."

"Nilikuona siku ile ile. Nilikuwa nangoja vidole vyako vichoke."

Bibi aliinamisha kichwa. Jirani akaokota mche mmoja.

"Mimi Mungu amenisamehe mengi. Nikufunge kwa hatua moja? Chimba hapa, mimi nashika."

Wakapanda pamoja kwenye mstari wa zamani hadi jua likawa kali, kisha tukala viazi vitamu kwake, mashine ikinguruma. Jumapili ya meza iliyofuata walikwenda mbele wote wawili.

Mashine ile haipo tena, wala wao. Siku hizi kahawa inamenywa kwenye kituo cha ushirika. Mpimaji alipouliza nani alipanda minyaa hii, mjukuu wa jirani alijibu, "Bibi yangu." Nami nikajibu, "Bibi yangu." Akatuuliza kama kuna ubishi. Tukamwambia hakuna, aandike.